Kompyuta Kuukuu ya Nyumbani Kwetu

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ya Marekani iliacha kuitolea Windows 10 marekebisho yake ya kawaida ya usalama. Mfumo huo wa kuendeshea kompyuta ulikuwa umetolewa tarehe 29 Julai 2015, yaani ulitimiza miaka 10 na miezi michache. Hapa Kawempe siku ile ilipita kimya. Kompyuta ziliwaka asubuhi kama kawaida, na watu wakaendelea na shughuli zao. Lakini tangu hapo nyumba nyingi, maduka mengi na shule nyingi zimewekewa swali moja: je, tununue kompyuta nyingine ya namna ile ile, au tuhamie mfumo mwingine kabisa? Swali hilo lilitufikia sisi nyumbani katika likizo ya mwisho wa mwaka. Najua kwamba wasomaji wengi wa gazeti hili, wanafunzi kwa wazee wetu waliomaliza zamani, wanalo vile vile. Kwa hiyo nimeona yafaa niandike jinsi tulivyolipima.

Kwanza nieleze kompyuta yenyewe na kazi yake. Kwetu ni Kawempe, upande wa Ttula, na chumba cha mbele cha nyumba yetu ni duka la Mama. Hapo anapiga chapa barua na maombi ya kazi, anatoa nakala, anatengeneza kadi za harusi na za kwanjula, ratiba za mazishi, na mitihani ya shule ndogo za jirani. Kompyuta ni moja tu. Aliinunua mwaka 2019, nayo wakati huo ilikuwa imekwisha kutumiwa na watu wengine. Ina prosesa ya Intel ya kizazi cha 6 na kumbukumbu ya gigabaiti 8. Mwaka 2022 diski yake ya kuzunguka ilitolewa ikatiwa diski ya SSD, na tangu siku ile ikawa kama imezaliwa mara ya pili. Karo yangu imetoka katika kompyuta hiyo, na ya dada yangu pia. Dada amemaliza kidato cha 4 mwezi wa Novemba, na mwaka huu anaingia cha 5. Kila mwenye mtoto wa kidato cha 5 anajua mambo ya mwaka huo: sare mpya, godoro, vitabu, na karo ya kuanzia.

Basi Mama alikuwa ameweka akiba ya shilingi 1,200,000. Fedha hizo ndizo zilizofanya swali liwe zito. Zingaliweza kununua kompyuta, au zingaliweza kumwingiza dada shuleni, lakini hazikuweza kufanya yote mawili kwa muhula mmoja.

Watu wengine watauliza: kwa nini msikae tu na Windows 10, madhali inawaka? Nami niliuliza hivyo. Jibu alinipa mwalimu wetu wa kompyuta kwa mfano wa jambo lililotokea kweli. Mwezi wa Mei 2017 programu mbaya iitwayo WannaCry ilienea katika nchi zaidi ya 150 kwa siku chache. Ilifunga mafaili ya watu, ikadai fedha ili iyafungue, na huko Uingereza hospitali nyingi zililazimika kuwarudisha wagonjwa. Sasa angalia: tundu lililoingiza programu hiyo, Microsoft walikuwa wamekwisha kulitolea kiraka mwezi wa Machi mwaka ule ule, miezi miwili kabla. Waliopata hasara ni wale ambao kompyuta zao hazikuwekewa kiraka. Mfumo ulioachwa kwa kawaida hauwekewi kiraka tena, na tundu jipya linaloonekana laweza kubaki wazi siku zote.

Kwa duka kama letu hatari hiyo si ya kubuni. Kila siku wateja 10 au 15 wanakuja na flashi zao, na flashi hizo zimekwisha kupita katika kompyuta za mji mzima. Tena ndani ya kompyuta ya Mama mna nakala za vitambulisho vya watu, mikataba ya viwanja, na mitihani ambayo haijafanywa. Mtu akikukabidhi siri yake, sharti uifungie mlango.

Kwa nini basi tusiiweke Windows 11 katika kompyuta ile ile? Windows 11, iliyotoka tarehe 5 Oktoba 2021, inataka kumbukumbu ya gigabaiti 4 na nafasi ya gigabaiti 64 katika diski, na hayo tunayo. Lakini inataka pia chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, na kwa upande wa Intel, takriban zote zinazokubaliwa ni za kizazi cha 8 na kuendelea. Yetu ni ya 6. Fundi mmoja alituambia kwamba anayo njia ya kuipitisha kwa mlango wa nyuma. Njia hiyo ipo kweli, lakini Microsoft wenyewe wanaonya kwamba kompyuta iliyopitishwa hivyo haina ahadi ya kupata marekebisho. Basi tutakuwa tumeruka mto na kuangukia ng'ambo ile ile.

Jambo hili lilinifanya nifikiri juu ya taipureta ya marehemu Babu, ambayo ingalipo juu ya kabati. Babu alikuwa karani. Mashine yake ilipiga barua kwa zaidi ya miaka 30, nayo haikuhitaji kitu ila utepe na mafuta kidogo. Barua aliyoipiga katika ujana wake yasomeka leo na mtu ye yote mwenye macho. Kompyuta si hivyo. Chuma chake chaweza kuwa kizima, na bado ikaitwa kuukuu, kwa sababu wenzake wameondoka nayo imebaki. Haizeeki peke yake. Inazeeshwa na safari ya wengine. Kwa hiyo anayenunua kompyuta hanunui chombo tu, bali anachagua watu wa kusafiri nao.

Tuliona njia tatu mbele yetu.

Njia ya kwanza ilikuwa kununua kompyuta nyingine ya Windows. Mjini tuliuliza, tukaambiwa kwamba iliyotumika ya kizazi cha 8 tungeipata kwa shilingi 950,000. Uzuri wa njia hii ni kwamba Mama hangejifunza kitu kipya ila kidogo. Ubaya wake ni fedha, na kwamba siku moja kizazi cha 8 nacho kitaambiwa kimepitwa.

Njia ya pili aliileta Mjomba. Yeye huchora mabango na vitabu katika mtaa wa Nasser Road, ambako wapiga chapa wa Kampala wamejaa, naye anatumia Mac. "Mpwa wangu," akasema, "nunueni Mac mara moja, mpumzike." Nilimheshimu kwa kuwa anaijua kazi yake, lakini nilitaka kuhakikisha. Nikaona kwamba Mac ziko za namna mbili. Tangu Novemba 2020 Apple wanatumia prosesa walizozibuni wenyewe, na ya kwanza ni M1. Kabla ya hapo walitumia za Intel. Mwezi wa Juni 2025 Apple walitangaza kwamba macOS Tahoe utakuwa mfumo wa mwisho kukubali Mac za Intel. Sasa zile Mac tulizoonyeshwa mjini kwa bei iliyoukaribia mfuko wetu zote zilikuwa za Intel. Maana yake tungetoka katika nyumba moja inayofungwa tukaingia katika nyingine inayofungwa. Ama mpya, MacBook Air ya M4 ilipotoka Machi 2025 bei yake Marekani ilikuwa dola 999, yaani zaidi ya shilingi milioni 3 na nusu kabla ya usafiri na kodi. Tena Microsoft Access na Microsoft Publisher hazikutengenezwa kwa Mac hizi, na kadi zote za Mama zimo katika Publisher. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Mjomba alicheka nilipomwambia hivyo, akakubali kwamba Mac inamfaa yeye kuliko inavyotufaa sisi.

Njia ya tatu haikutaka fedha. Ilikuwa kuacha kompyuta vile ilivyo na kubadili mfumo tu, yaani kuitia Linux. Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland, akiwa na umri wa miaka 21, miwili tu kunizidi mimi. Ni programu huria: mtu ye yote aweza kuipata bure, kuichunguza na kuibadili, na hapana haja ya kuiba leseni. Ziko Linux za namna nyingi. Ubuntu, kwa mfano, ilitolewa mwaka 2004 kwa fedha na juhudi za Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na Linux Mint imejengwa juu ya Ubuntu.

Wala mambo haya si ya Wazungu peke yao. Mwaka 2004, kwa mradi ulioitwa Kilinux, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifasiri programu za ofisi za OpenOffice.org kwa Kiswahili, zikaitwa Jambo OpenOffice. Na hapa Uganda, Chuo Kikuu cha Mashahidi wa Uganda, kilichopo Nkozi, kilikuwa miongoni mwa vyuo vya kwanza kuingia katika programu huria katika miaka ile. Kwa hiyo tungehama, tusingekuwa wa kwanza kupita njia.

Sikutaka kushindana kwa maneno matupu, basi nikaomba ruhusa ya Mama nifanye jaribio. Linux ina jambo moja zuri: waweza kuitia katika flashi, ukaiwasha kompyuta kutoka flashi hiyo, na diski yako isiguswe hata kidogo. Faili lake ni la karibu gigabaiti 3. Nilipoipata, niliandika katika daftari kazi 20 ambazo Mama alikuwa amezifanya wiki ile kwa wateja, kisha nikazifanya zote upya kwa Linux Mint na LibreOffice, moja baada ya moja, jioni duka lilipofungwa.

Matokeo yalikuwa haya. Kazi 15 zilikwenda bila taabu. Barua, maombi ya kazi, hesabu za chama cha akina mama, yote yalifunguka na kuchapwa. Printa ilijulikana yenyewe, lakini sehemu yake ya kusomea picha ilikataa kwa siku mbili mpaka nilipoipatia programu yake. Mitihani miwili iliyokuwa na majedwali ilisogea: swali la mwisho likahamia ukurasa wa pili. Kadi moja ya harusi ya Publisher ilifunguka katika LibreOffice Draw, maana programu hiyo yaweza kuyasoma mafaili ya Publisher, lakini maua yalikuwa yamepanda juu ya jina la bibi harusi. Na kitabu cha majina cha shule moja, kilichotengenezwa katika Access, nilishindwa kukihamisha salama.

Faida moja ilinishangaza. Kiluganda kina herufi ŋ, kama katika neno eŋŋoma. Kibodi ya Kiingereza haina herufi hiyo, kwa hiyo watu wengi huandika ng' badala yake, na wazee wa kanisa hunung'unika wanaposoma ratiba. Babu alikuwa akipiga n kwa taipureta, kisha akaitia mkia kwa kalamu. Katika Word Mama huandika 014B halafu akabonyeza Alt pamoja na X, naye husahau namba hiyo kila mara. Katika Linux nilibonyeza AltGr pamoja na g, na ŋ ikatokea. Mama alivuta kiti akajaribu mwenyewe mara sita. Hilo lilimpendeza kuliko habari zote za usalama nilizomhubiria.

Nilipokwisha kumwonyesha hesabu yangu, nilidhani atasema tuhame. Lakini yeye aliniuliza swali ambalo halikuwamo katika daftari langu. Alisema, "Mwanangu, hayo yote ni mema. Lakini mwakani wewe utakuwa chuoni, Mungu akipenda. Siku mashine itakapokataa saa 3 asubuhi, na mteja amesimama hapo na ratiba ya maiti yake, nitamwita nani?"

Nilinyamaza, maana lilikuwa swali la kweli. Kutoka Ttula mpaka Bwaise fundi wa Windows hukosi, hata jioni. Fundi wa Linux katika mtaa wetu sikumjua hata mmoja isipokuwa mimi, nami ni mgeni wa Linux wa wiki mbili. Mtu anapobadili mfumo anabadili pia watu wa kumsaidia. Bure ya Linux ilikuwa bure kwa sababu mimi nilikuwa nalipa kwa saa zangu, na saa hizo nisingeweza kumwachia Mama juu ya meza. Usiache mbachao kwa msala upitao. Nikaona kwamba msala upitao, katika nyumba yetu, ulikuwa ni mimi.

Basi tulikaa sote watatu, Mama, dada na mimi, tukakata shauri hivi.

Kwanza, fedha ziende shuleni. Dada ataingia kidato cha 5 kwa wakati wake. Kompyuta yaweza kungoja, lakini mtoto akikosa muhula wa kwanza, kumrudisha ni kazi.

Pili, tuliiandikisha kompyuta katika mpango wa Microsoft wa kuendelea kupata marekebisho ya usalama ya Windows 10 baada ya mwisho wake, mpango ambao walitangaza kwamba kwa watu wa nyumbani utafika tarehe 13 Oktoba 2026. Hiyo si dawa bali ni nafasi ya kupumua, na nafasi isiyotumiwa haina faida.

Tatu, na hili ndilo nililojifunza zaidi ya yote, tuliamua kuhamisha kazi kabla ya kuhamisha mashine. LibreOffice hufanya kazi katika Windows vile vile kama katika Linux. Kwa hiyo tuliitia katika Windows ile ile ya Mama. Sasa barua mpya anaziandika ndani yake, na akikwama, Word yake ya zamani ingalipo pembeni, na mafundi wake wa mtaa wangalipo. Kadi za Publisher tunazitengeneza upya kidogo kidogo, na kwa vyo vyote ilibidi, kwa kuwa Microsoft walitangaza kwamba Publisher nayo wataiacha Oktoba 2026. Kazi zitakapokuwa zimetoka katika vyumba vyenye kufuli, Mama ataweza kuchagua mashine ye yote, ya Windows, ya Linux au ya Mac, bila kuogopa kwamba anaiacha kazi yake nyuma.

Nne, mafaili yote ya wateja tuliyanakili katika diski ya nje, ambayo haiachwi imechomekwa. Hilo lilipasa kufanywa katika mfumo wo wote.

Kwa wenzangu wa kidato cha 5 na cha 6 mnaofanya somo dogo la kompyuta, neno moja. Mtihani wa vitendo unataka ujue kuandika, majedwali ya hesabu, maonyesho, hazina ya habari na machapisho. Mkitaka kujaribu Linux nyumbani, jaribuni, lakini jizoezeni pia kwa programu zile zile zilizomo katika maabara yetu, maana siku ya mtihani hamtaulizwa mnapenda nini.

Na kwa wazee wetu mliomaliza hapa, mnaotaka kuipa shule kompyuta zenu mlizokwisha kutumia, tunashukuru sana. Twaomba mtazame kizazi cha prosesa kabla ya kutuma, na mtuandikie. Iliyo ya zamani hatutaikataa, maana yaweza kutiwa Linux ikawafaa wadogo zetu wa kidato cha 1. Ila tukijua mapema tutaipangia kazi inayoiweza. Na ikiwa yupo kati yenu aijuaye Linux na akaaye karibu na Kawempe, tungependa kumjua zaidi ya zawadi nyingine yo yote.

Mwaka haujafika nusu, na sijui Mama atachagua nini utakapofika Oktoba. Ameniambia nisimharakishe. Jumapili iliyopita alinipigia simu hapa shuleni, baada ya kuzungumza habari za dada akaniambia kwamba amemaliza ratiba ya mazishi ya kurasa 8 kwa LibreOffice, yote kwa Kiluganda, na kwamba hakuna hata ŋ moja iliyokosa mkia. Nilimwuliza ni nani aliyemsaidia. Akasema hakumwita mtu.